Spana Alikuwa Nayo Athumani

Mwanangu Shomari,

Salamu sikupi, maana uji wa asubuhi tumekunywa pamoja na jioni utarudi kula hapa hapa. Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na ninavyomjua mimi, hakuachii mpaka umalize sahani mbili na yeye amalize machozi yake yote. Basi nimepata mwanya. Nimekaa ukumbini, mgongo ukutani, daftari la ngumbaru mapajani. Mwandiko usiucheke. Mwandiko huu ulishika namba moja darasa zima la watu wazima, na mwalimu alisema hajapata kuona herufi ya "k" yenye mkono mrefu kama yangu. Kweli tulikuwa wanafunzi tisa, na wawili hawaoni vizuri. Lakini namba moja ni namba moja.

Habari za kuvaa sweta na kufua soksi na kutokopesha watu nguo, hizo atakuwa ameshakupa shangazi yako, tena kwa kurudia. Mimi sina nguvu nazo. Mimi nina neno moja tu, nimelibeba tangu hujazaliwa, na limenichosha. Jana nililitua kidogo. Leo mabega yananiuma kuliko lilipokuwa juu.

Wale wakubwa waliokuhoji Dar walikuuliza kwa nini mtoto wa mkulima wa mihogo anataka ufundi wa ndege. Ukawajibu kwamba mama yako alifunga mabomba ya petroli ya ndege iliyoundwa Kibaha, na nati zake hazikuvuja hata tone, ila kuna mtu mmoja mkono mzito akaja kuiharibu. Wakacheka, wakakuchukua. Uliporudi kunisimulia nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja na upawa akidhani kuna shughuli. Halafu nikaingia ndani nikakalia gunia la mkaa, sijui nimefuata nini.

Nati ilivuja, Shomari. Na mkono mzito ulikuwa wangu.

Sasa tulia nikueleze, maana hadithi hii umeisikia mara mia na mara zote mia nilikudanganya mahali pamoja.

Kuhusu lile banda la kuundia ndege sikukudanganya. Lilikuwa Kibaha, ndani ya shamba la mkonge, ukitoka Maili Moja unakwenda kwa mguu mpaka kanga inakulowa mgongoni. Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera hazijapauka. Bwana Jagat alikuwa fundi mkuu wa mashine za shamba, Singasinga mwenye ndevu za kufunga kwa wavu, amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kinakushinda wewe wa sekondari. Siku za kazi alitengeneza mashine za kuchana mkonge. Jumamosi na Jumapili alijiundia ndege, kwa mbao na turubai na mikaratasi ya michoro aliyoletewa kwa posta. Mimi nilikuwa mfagiaji wa banda. Ndiyo, mfagiaji. Hilo nalo huwa naliruka.

Mafundi wake walikuwa wanaume wa malori. Kwa chuma, hodari. Lakini mabomba ya petroli ya ndege ile na viungo vyake vilikuwa vya aluminiamu, madini ya sufuria, vimepakwa rangi ya buluu vizuri kama kidani. Mwanamume wa lori akishika nati anakaza mpaka mshipa wa shingo umtoke, ndiyo ajue amefanya kazi. Wiki moja wakapasua viungo vitatu. Bwana Jagat hakugombana nao. Alitoka nje akakaa kwenye pipa, uso kama aliyefiwa. Na nje ndiko nilikokuwa mimi, saa ya kupumzika, nasuka ukili wa mkeka.

Akatazama vidole vyangu. Akaniuliza najuaje pa kuacha kuvuta. Nikamwambia ukili ukiulegeza mkeka unakuwa wavu, ukiuvuta sana unakatika au unajikunja, basi unavuta mpaka ukae. Akasema, "Ukae?" Nikasema ndiyo, ukae. Akainuka kwenye lile pipa akaniambia nitupe ufagio.

Hapo sasa ndipo ninapojisifu, na leo niache nijisifu kwa mara ya mwisho, maana hiki kipande ni cha kweli. Nilikuwa na mkono, mwanangu. Alinifundisha kwamba mdomo wa lile bomba umepanuliwa kama tarumbeta, unakalia koni, na kinachozuia petroli ni mdomo na koni vilivyokaliana sawasawa, siyo nguvu zako. Unautazama kwanza kama una mkwaruzo. Unatia tone la mafuta kwenye uzi wa nati, kwenye uzi tu, mdomoni usiguse. Unazungusha kwa vidole mpaka vidole vigome. Halafu spana mbili, moja inashika kiungo kisipinde bomba, nyingine inazungusha kidogo sana, kama unavyofungua mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Alikuwa na spana moja ndefu yenye mshale, mshale unakuonyesha umevuta kiasi gani. Baada ya mwezi alinifumba macho kwa kitambaa, nikavuta kwa mkono, yeye akatazama mshale. Nilisimama pale pale penyewe. Mara tano. Wanaume wakakohoa.

Na kuna maneno alikuwa akiyarudia mpaka tukamwigiza ndevu zake. Alisema, "Chuma kinalia kabla ya kukatika. Hii hailii. Inakunyamazia." Na jingine, "Ikivuja, usikaze. Fungua, utazame."

Hilo la pili ndilo ninalokuandikia. Watakufundisha huko, tena kwa vitabu na vipimo, na siku watakapokufundisha utamkumbuka mama yako na sifa zake, utajua nilikudanganya. Bora ujue leo kwa mdomo wangu.

Siku ya kutia petroli mara ya kwanza, kiungo kimoja nyuma ya injini kikavuja. Tone moja, unahesabu mpaka ishirini, tone jingine. Pale palikuwa pembamba, ile spana ya mshale haiingii. Bwana Jagat amekwenda kula. Ndani ya banda tuko mimi na Athumani. Huyu Athumani ndiye unayemjua, wa Mzenga, mwenye mipini ya majembe. Wakati huo alikuwa kijana wa rika langu, fundi mzuri wa injini, mcheshi kupita mimi, na hilo silisemi kwa mtu yeyote. Akaliona tone. Akasema, "Bi Tatu, mkono wa ukili huo. Nati haitaki kubembelezwa, siyo mume."

Alitania tu. Na mimi nilikuwa mtani wake, kila siku namrushia na ananirushia. Ningemjibu tukacheka, nikafungua, nikatazama, nikakuta kijipunje cha mchanga au mdomo uliopanuliwa vibaya, nikabadilisha. Robo saa. Lakini sifa, mwanangu. Mwezi mzima nimeitwa mkono wa dhahabu, leo navuja mbele ya mtu. Athumani alipotoka kwenda kunywa maji, nikachukua kipande cha bomba la baiskeli mbovu, nikakichomeka kwenye mkia wa spana ili uwe mrefu, nikavuta.

Haikulia. Ilinyamaza kama alivyosema. Na tone likaacha.

Athumani aliporudi nikamwonyesha. Akafuta kwa kidole, akanusa, akasema haya, mama wa ndege, nimekubali. Akachukua spana kwenda kuitundika mahali pake. Bwana Jagat akaingia wakati huo huo, akamwona Athumani na spana mkononi.

Kesho yake akapanda. Barabara ya katikati ya mkonge ndiyo ilikuwa uwanja. Watu wote wa shamba tulitoka, wanawake na watoto wamebebwa. Ndege ikakimbia, ikaruka, wallahi iliruka, ikapita juu ya mkonge mpaka tukaona tumbo lake. Nikapiga kelele kwamba zile nati ni zangu. Halafu injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza, na ile ndege ikashuka kwenye mkonge kama kuku aliyerushiwa jiwe.

Tulimtoa mzima. Lakini mkono wa kulia ulivunjika vibaya, na haukufunga ngumi tena mpaka alipohama. Fundi, Shomari, asiyeweza kushika spana. Aliporudi kutoka hospitali, mkono umefungwa kifuani, aliwaambia wakifungue kile kiungo. Mdomo wa bomba ulikuwa umepasuka mzunguko mzima, mwembamba kama unywele, petroli imemwagikia nje badala ya kwenda kwenye injini. Akauliza nani alikuwa wa mwisho kugusa hapa. Hakufoka. Akaniangalia mimi.

Nikasema, "Spana alikuwa nayo Athumani."

Maneno manne. Uongo humo hamna, ukiyapima moja moja. Spana kweli alikuwa nayo. Nimekaa na maneno yale miaka ishirini na ushei nikijitetea kwamba sikusema uongo, na ninakwambia mtu akianza kupima maneno yake moja moja ujue anaficha jumla.

Athumani akafukuzwa siku ile ile. Hakubisha. Hilo lilinishangaza, nikalitumia. Nilijiambia angekuwa hana kosa si angebisha?

Ningeishia hapo, labda lingelala. Lakini mama yako huyu anaishia wapi? Mwaka uliofuata kulikuwa na harusi Kisarawe, ngoma imekolea, kinamama wanarushiana vijembe, zamu yangu ikafika. Nikaingia kati nikaimba, "Athumani na spana, ndege chini mchana." Ulipokewa, basi! Wakaurudia mpaka alfajiri. Mwezi haukuisha, ukawa wimbo wa watoto. Nilipoona umeenea nikasema ni utani tu. Utani ni kwa mtu anayeweza kukujibu, mwanangu. Yeye alikuwa Mzenga, analima.

Nikupe pumzi kidogo, na mimi nipate. Mkono umechoka, hii "k" yangu inataka nafasi.

Unakumbuka ulipokuwa unakojoa kitandani? Usikunje uso, mke wako hayupo hapa, wala bado hujampata. Ulikuwa na miaka sita. Nilikunyima maji kuanzia jua likizama. Ukakojoa. Nikakubebesha mkeka mchana mbele ya wenzako. Ukakojoa zaidi. Nikachukua fimbo. Kila ukivuja, nakaza. Mwanamke aliyefundishwa na Bwana Jagat kwa mkono wake! Mpaka bibi yako, Mungu amrehemu, akakuweka pembeni akakuuliza tu kwa nini hutoki nje. Ukamwambia chooni kuna jini la jicho moja, linakula watoto wanaokwenda kujisaidia peke yao. Akakuuliza nani kakwambia. Ukasema mama. Na kweli ni mimi, nililitunga jioni moja ili wewe na watoto wa jirani mcheke. Wakacheka wao. Wewe ukaenda nalo kitandani.

Fimbo zile siwezi kuzirudisha. Nilikucheka, nikakusimulia kwa watu, tena nikalipamba jini likawa na macho mawili. Samahani sikukuomba. Nakuomba sasa.

Na baba yako vivyo hivyo. Alipoanza kuchelewa kurudi, sikumuuliza. Nilikaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza, nikadhani ametulia. Siku aliyoondoka alikunja shati zake taratibu, akaniaga vizuri, na mimi bado nadhani tumeelewana. Leo sijui alikuwa na nini moyoni. Hilo linanichosha kuliko kuachwa.

Sikuambii haya uyafanye msahafu. Wewe una akili zako. Nakwambia nilipokosea mimi, na ninajua utakosea kwako, mahali pengine, kwa namna ya kisomo.

Sasa ya jana. Nilikwambia nakwenda kupanga foleni ya sabuni dukani. Foleni ilikuwepo, na sabuni haikuwepo, kwa hiyo hapo sikukudanganya sana. Lakini mimi nilidandia lori la mihogo, nikashuka, nikamalizia kwa mguu mpaka Mzenga. Magoti haya yana habari zake.

Nimemkuta Athumani uani anachonga mpini wa jembe. Nywele zote nyeupe. Mke wake alinitambua kabla yake, akanipa maji, kiti hakunipa. Athumani hakuacha kuchonga. Akasema, "Bi Tatu. Umeniletea wimbo mpya?"

Nikamwambia yote. Tone, kipande cha bomba, nilivyovuta. Sikupamba. Nilikuwa nimechoka mno hata kupamba. Nilipofika kwenye maneno yale manne akaweka panga chini.

Akaniuliza kile kipande cha bomba nilikitoa wapi. Nikasema kwenye baiskeli mbovu iliyokuwa nyuma ya banda. Akaniuliza urefu wake. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaitazama mikono yangu muda mrefu, mpaka nikaishusha.

Halafu akasema, "Mimi niliigusa nati ile, Bi Tatu. Kabla sijaitundika spana. Niliiweka spana nikaijaribu kidogo, nione kama nati imekaa."

Nikasema sikujua, nilikuwa nimeshageuka.

"Miaka yote hii najiuliza kama niliigusa au niliikaza. Ndiyo maana sikubisha. Nilidhani ni mimi."

Mke wake aligeukia ukuta. Mimi nilikuwa nimekwenda na maneno yangu ya kuomba msamaha, nimeyapanga njia nzima, mengine mazuri sana. Yalinipotea. Nilidhani nimemwibia jina, kumbe nilimwibia na mkono wake. Mtu yule hakushika spana tena. Walimwomba atengeneze mashine ya kusaga ya kijiji, tangu enzi za kuhamia vijijini wanamwomba, anakataa, wanadhani ana kinyongo. Anachonga mipini kwa sababu mpini ukipasuka hauangushi mtu.

Nilimwomba anisamehe. Alisema, "Umeniambia uani kwangu, tuko watatu. Wimbo uliuimbia wapi?"

Nikasema harusini.

"Basi."

Nilipokuwa nageuka kuondoka akaongeza jingine, na hili ni lako. Akasema, "Na mwanao aliuimba. Pale stendi ya Kisarawe, na wenzake. Nilikuwa na mke wangu."

Ulikuwa na miaka minane au tisa, sikulaumu. Wimbo ulipewa na mama. Lakini kwake yeye sauti ilikuwa yako, na ndiyo maana tangu siku ile ukimwamkia haitiki. Uliwahi kuniuliza kwa nini yule mzee wa mipini akipewa shikamoo na wewe anageuka kama hajasikia. Nikakujibu ni kiziwi. Siyo kiziwi.

Kesho ni siku yake ya kuleta mipini Kisarawe. Atakuwa stendi tangu asubuhi, pale pale basi lako la Dar linapopakia, na watu watakuwa wengi, wa sokoni na wanaokuja kukusindikiza wewe. Shangazi yako atakuwa na kanga mpya. Nilitaka kungoja uondoke kwanza, uende na mama yako mzima. Nimelala nalo, nimeona huo ungekuwa ujanja mwingine.

Kwa hiyo kesho, kabla kondakta hajaita, nitasimama mbele ya mipini ya Athumani. Nitasema kwa sauti ile ile niliyoimbia, wale wa karibu na wa mbali wasikie, nani alivunja ile ndege. Nitamtaja kwa jina na nitajitaja kwa jina. Sijui sauti itatoka. Ikikatika nitaanza tena.

Nikimaliza, wewe nenda umwamkie. Akiitika, mpe mkono. Asipoitika, usirudie mara ya pili wala usimsihi. Ni haki yake. Panda basi, kaa dirishani, nenda kajifunze. Na huko wakikuuliza tena habari za mama yako, waambie alikuwa na mkono mzuri sana, na siku moja alivuta kwa sifa. Waambie yote mawili, usiache la kwanza, na mimi ni binadamu.

Watu watanicheka kesho. Wengine watanitusi, na wapo wenye vijembe vizuri, niliwafundisha mwenyewe. Utaona nimesimama peke yangu na damu yako itachemka, nakujua.

Usinitetee, baba.

Mimi mama yako,
Tatu binti Kondo
Kisarawe